Mbuzi Alitenda Dhambi Gani?

Kosi, mwezi wa Gerastio, siku meli ya kwanza ilipong'oa nanga

Kwa Parmenisko, mdogo wangu,

Dada yako Kleuno anakusalimu. Kama huko u mzima, nimefurahi; sisi huku tunapumua. Paa la jikoni lilianguka kwa mvua za baridi, nikapanda kuliezeka mwenyewe, na wanaume wa mtaani wakasimama chini kunitazama kama watu waliolipia mchezo. Jirani yetu Bi Filaini bado yuko, na mdomo wake uko vilevile. Jibini ya mwaka huu imetoka nzuri, nimekutumia kidogo. Nahodha Zopiro akikuambia ilioza njiani, mnuse mdomo. Mirtale hajambo, sasa ananipita kimo.

Nimeandika hapo juu kwamba Mirtale hajambo. Ni uongo, lakini mafunjo ya kuandikia ni ghali, sifuti. Binti yangu anaanguka. Ilianza baada ya mavuno ya zeituni. Kwanza anasema ananusa kitu kinaungua, na hakuna kinachoungua. Halafu anakimbia kunishika nguo. Halafu yuko chini, meno yamebana, povu linamtoka, macho yamegeukia ndani. Akiamka ananiuliza kwa nini nalia. Watu wakimkuta njiani wanajitemea mate kifuani ili balaa lisiwarukie. Bi Filaini ndiye wa kwanza, na anatema kwa sauti, tusikie.

Nilimwita Diofanto mtakasaji. Alimpaka mtoto damu ya nguruwe mchanga, akasema ni hasira ya mungu wa kike Demetra, kisha akaanza kukataza. Asioge. Asile kitunguu, wala nanaa, wala nyama ya mbuzi. Asilalie ngozi ya mbuzi. Asipandanishe mguu juu ya mguu. Sisi hawa, ambao tangu babu tunakula mbuzi, tunavaa mbuzi, tunalalia mbuzi! Lakini nilitii, Parmenisko. Nilitii majira yote ya baridi. Sasa mtoto ananuka na bado anaanguka.

Na juzi jike letu jekundu la mbuzi limeanza kuzunguka pale pale, kichwa kimelala upande mmoja, kisha linadondoka. Diofanto amelitazama akatikisa kichwa: laana imetoka kwa mbuzi ikaingia kwa mtoto, au imetoka kwa mtoto ikaingia kwa mbuzi. Hajaamua bado.

Wewe ulikwenda huko kujifunza yaliyomo ndani ya watu. Baba alikufundisha wewe visu. Mimi akanifundisha herufi ili nimwandikie maagizo ya dawa. Leo herufi zinaviomba visu msaada. Nijibu upesi.

Kleuno


Aleksandria, mwezi wa Artamitio (nahesabu bado kwa miezi ya kwetu, hata wakinicheka)

Kwa dada yangu Kleuno, kwa heshima na mapenzi,

Jibini ilifika, na Zopiro alikuwa na vipande vyake kwenye ndevu. Mimi ni mzima. Wenyeji wa huku wanakunywa bia ya shayiri asubuhi. Mimi inanipa kiungulia, lakini mvinyo wa Kosi hapa ni wa wenye nacho. Mwalimu wangu Theokle sasa ananiita kwa jina, jambo ambalo hawafanyii wengi. Paa umeliezeka mwenyewe? Pole kwa paa.

Sasa nisikilize kuhusu Mirtale. Hakulaaniwa. Yamwage hayo yote ya Diofanto shimoni. Ugonjwa huo unatoka kichwani, kwenye ubongo, na Baba mwenyewe alikuwa akisema hivyo, ila alikuwa hana cha kuonyesha. Mimi ninacho. Nimeushika ubongo mkononi, dada. Una mikunjo mingi, umefungwa kwa ngozi nyembamba ndani ya ngozi nene, na ndani yake mna vyumba. Kutoka hapo na kwenye uti wa mgongo zinatoka nyuzi nyeupe zinazokwenda mwili mzima. Zamani watu walizichanganya na kano, kwa kuwa zote ni nyeupe na zote ngumu. Sivyo kabisa. Kano inafunga nyama kwenye mfupa. Uzi huu unapeleka amri, na mwingine unarudisha habari. Ndiyo maana yuko mtu anayehisi sindano lakini kidole hakisogei, na yuko anayesogeza kidole na hahisi moto.

Wapo wasomi wakubwa, wenye ndevu kumzidi mbuzi, wanaosema mtu anafikiri kwa moyo, na ubongo kazi yake ni kupoza damu kama mtungi unavyopoza maji. Waache waseme. Nimeona kwa macho yangu: ukikata uzi mmoja hapa begani, mtu anakuambia anataka kuinua mkono, na mkono umelala tu kama si wake. Moyo unadunda vizuri, na mkono hausikii. Nani basi alikuwa akiutuma?

Mlete Mirtale huku. Nimemweleza Theokle, naye yuko tayari kulipa nauli zenu. Mwogeshe mtoto. Mpe kitunguu.

Parmenisko wako


Kosi, mwezi wa Agrianio, ngano imeshaiva

Mdogo wangu,

Salamu kwako. Ngano ni nzuri mwaka huu, na nzige wamekwenda kwa wengine. Jike jekundu bado linazunguka, nalilisha kwa mkono.

Nilimwogesha. Nilichemsha maji ya sufuria kubwa, nikamsugua mpaka akapiga kelele kwamba namchuna. Akala kitunguu, akala nyama ya mbuzi, akalala juu ya ngozi ya mbuzi huku miguu ameipandanisha kama malkia. Kwa siku kadhaa nilikuwa nasimama juu yake kila asubuhi kuona kama amekufa. Hakufa. Alianguka tena, mara zilezile kama zamani, si zaidi. Nikakasirika, Parmenisko! Majira mazima nimemnyima mtoto maji ya kuoga bure.

Habari haikukawia kumfikia Diofanto. Alikuja akaketi uani.

"Mama Mirtale, nasikia umemwogesha."

"Nimemwogesha. Na kitunguu amekula. Viwili."

"Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe."

"Basi leo ukuta ndio utakaolia."

Mirtale alikuwa anakamua mbuzi kando. Akasema polepole, kwa adabu kabisa, "Babu, na wewe umepandanisha miguu." Ungemwona mzee alivyoishusha! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na hilo ndilo hatasamehe.

Akatamka mbele ya wazee wa kijiji. Kabla ya sikukuu ya Demetra mwanangu atolewe nyumbani, akakae peke yake kwenye zizi la zamani nyuma ya machimbo ya mawe. Chakula aachiwe mlangoni. Na kile kikapu cha mbegu, ambacho kila msichana wa rika lake atakibeba kichwani kwenda kwa mungu, apewe mwingine. Wazee wamekubali. Waliniambia ni kwa wema wa wote, na mmoja aliniambia nitazoea.

Thubutu! Mtoto niliyemzaa mimi akalale zizini kama kondoo mwenye upele? Namleta kwako. Zopiro anatung'olea nanga mwezi ujao ukishapevuka. Nimeshamshonea joho la safari.

Kuna jambo moja katika barua yako linanikereketa kooni. Nitakuuliza tukionana.

Kleuno


Aleksandria, mwezi wa Hiakinthio

Dada,

Usimlete.

Mwambie Zopiro umebadili nia. Usimpe mtu yeyote wa huku jina la kijiji chetu. Msalimie Mirtale.

P.


Kosi, mwezi wa Panamo, joto halisemeki

Parmenisko,

Hatujambo. Sina habari nyingine za nyumbani kwa mtu anayeandika barua fupi kuliko bei ya samaki.

Barua yako ilinikuta bandarini. Unajua maana yake? Mizigo ilikuwa melini. Mirtale alikuwa amevaa joho jipya, anamuuliza Zopiro kama mamba wa Misri wanakula samaki au watu tu. Nikasoma pale pale, juani, nikamwambia mwanangu tunarudi. Hakuniuliza kwa nini. Alilia njia nzima bila sauti, na tulipopita kwa Bi Filaini, akatema.

Kwa hiyo nakuuliza sasa, kwenye maandishi. Uliniandikia kwamba ukikata uzi wa begani, mtu anakuambia anataka kuinua mkono. Nimeosha maiti wengi katika maisha yangu, wa kwanza wao mama yetu, wa mwisho mume wangu. Maiti haambii mtu kitu. Hataki kuinua mkono. Wewe ulimsikia nani?

Nilijua tangu siku ya kwanza niliposoma. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka mwanangu apone, na nilikuwa nimeshakata shauri nisijue. Hilo nalibeba mimi. Lakini wewe beba lako. Nijibu kwa ukweli, au usiniite dada tena.

Sikukuu ni mwezi wa Alseio. Sasa sina pa kukimbilia, na nikuambie kitu: ni afadhali. Mtu mwenye mlango wa nyuma hapigani sawasawa.

Kleuno


Aleksandria, mwezi wa Dalio

Kwa Kleuno, ambaye naomba bado nimwite dada,

Salamu zangu zinatoka nyuma ya duka la msokota kamba, karibu na magati, ndiko ninakolala. Nakula dengu. Sina kiungulia tena kwa kuwa sina bia.

Alikuwa hai. Walitolewa gerezani kwa amri ya mfalme, watu waliokwisha kuhukumiwa kufa, na Theokle husema kwamba wachache waovu wateseke ili wema wengi wapone vizazi na vizazi. Ukiyasikia kwa sauti yake unayaona ni maneno ya busara. Kazi yangu ilikuwa kushika ndoano inayovuta nyama pembeni. Niliishika. Yule mtu aliniambia, "Bwana, nauambia unyanyuke, haunyanyuki," akanitazama kana kwamba mkono wake nimeuficha mimi. Halafu nikakuandikia wewe kama mtu anayeandika habari za mvua. Nilijivuna, dada. Ndivyo nilivyokuwa.

Nilipomwambia Theokle kwamba mpwa wangu anakuja alifurahi sana. Akauliza umri. Akauliza kama huanguka kwa upande mmoja. Akauliza kama ana baba. Nikasema baba yake alikufa.

"Vizuri," akasema.

Ni neno hilo. Nikamuuliza, baada ya kumwangalia atarudi lini Kosi? Akanipiga bega kama rafiki. "Ugonjwa huu hauonekani kwa nje, Parmenisko. Unajua mwenyewe."

Nikakuandikia usiku uleule maneno yale machache. Mkono ulikuwa hautaki zaidi. Kesho yake akaninyooshea ndoano mbele ya wanafunzi wote. Nikaiweka mezani.

"Ishike."

"Siishiki."

"Unamwonea huruma mwizi?"

"Naona haya mimi mwenyewe."

"Utakufa ukiwa mfunga vidonda bandarini."

"Ndiko ninakokwenda," nikamwambia. Na ndiko niliko. Wapakiaji wa mizigo wananilipa samaki, na wakinitukana wananitukana kwa upendo. Usiniambie nimekuwa msafi. Sijakuwa.

Lakini shika hili, kwa sababu ni lako. Niliyoyaona ni kweli, hata kama njia iliyonifikisha ni chafu. Na kwa Mirtale njia ile haikuhitajika hata kidogo. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema? Anayebisha kwamba ugonjwa huu uko kichwani, na afungue kichwa cha mbuzi anayeanguka. Tulikuwa tunamcheka. Unalo jike jekundu zizini, dada, na wewe umechinja mbuzi wengi kuliko vitabu nilivyosoma.

Parmenisko


Kosi, mwezi wa Alseio, baada ya sikukuu

Kwa Parmenisko mdogo wangu,

Dada yako anakusalimu. Nimelisoma jibu lako, nikalia, nikaenda kukamua. Ulilofanya huko si dogo na mimi si mungu wa kulifuta. Lakini uliweka ndoano mezani. Bahari inakaribia kufungwa na dhoruba za baridi. Zopiro ana nafasi kwenye safari ya mwisho ya kurudi, nimeshamwambia. Njoo nyumbani. Paa halivuji.

Sasa sikiliza.

Asubuhi ya sikukuu wasichana walikuwa wamejipanga mbele ya madhabahu na vikapu vyao, na wazee wawili walikuwa mlangoni kwangu kumchukua Mirtale wampeleke zizini. Nikawaambia tangulieni, tunakuja. Nikamshika mtoto mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikaliburuta jike jekundu, ambalo lilikuwa halioni tena, likigonga kila ukuta. Nikalifikisha uwanjani. Watu wakarudi nyuma, mate yakaruka kama mvua.

Diofanto akapaza sauti, "Mama Mirtale, utatia najisi mahali hapa!"

"Nijibu kwanza neno moja, nitaondoka," nikasema. "Mwanangu alimkosea mungu, sawa. Huyu mbuzi alitenda dhambi gani? Aliapa uongo? Aliiba kwa jirani? Alilala na mume wa mtu?"

Mchungaji mmoja akacheka. Diofanto akasema mambo ya miungu hayaulizwi hivyo. Nikasema basi ngoja nimuulize mbuzi. Nikalichinja, nikalikata kichwa, nikakipasua. Parmenisko, upande mmoja mfupa ulikuwa mwembamba hata ukabonyea kwa kidole gumba. Na ndani, pale ubongo ulipopasa kuwapo, palikuwa na kifuko cha maji, angavu, kikubwa kama yai lisilo na ganda, na juu yake vitone vyeupe mfano wa ufuta. Nikakitoa kizima nikakiinua mkononi.

Halafu wachungaji wakaja, kwa sababu hao wanaishi kwa mbuzi. "Wangu wa mwaka juzi alizunguka hivihivi," mmoja akasema. "Na wa marehemu baba," akasema mwingine. Wakakishika, wakapeana. Diofanto akaona watu wanamponyoka.

"Mungu ndiye aliyeweka maji hayo!"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa hiyo huweka maji hata kwa asiye na dhambi. Umesema wewe. Sasa mpe mwanangu kikapu chake."

Akawageukia wazee, na wazee wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyesema apewe, hakuna aliyesema asipewe. Mirtale alikwenda mwenyewe akakichukua, akakiweka kichwani, akaingia kwenye mstari. Wasichana wengine wakavutwa na mama zao wakaondoka. Waliobaki walitosha.

Nisikudanganye. Sijui kilichomo kichwani mwa Mirtale. Labda maji, labda kovu, labda kitu kisicho na jina. Hatutafungua kujua, si mimi, si wewe, wala mwalimu yeyote wa mfalme yeyote. Tutaishi naye bila kujua.

Na alianguka, mdogo wangu. Njiani, palepale kati ya maandamano. Nilimwona akigeuza pua, nikajua ananusa ule moto wake. Hakunikimbilia. Alishusha kikapu taratibu, mbegu hata moja isimwagike, akakiweka chini, akajilaza kando yake. Diofanto alikuwa ametufundisha kumfunika uso kwa nguo, watu wasione. Sikumfunika. Niliketi njiani nikaweka kichwa chake mapajani mwangu, mbele ya kijiji kizima, jua likituwakia, povu na yote. Waone. Maandamano yakasimama.

Bi Filaini akajipenyeza mbele, mashavu yamejaa. Nilimtazama.

"Tema, Bi Filaini," nikamwambia. "Tema, tuko hapa, hatuendi popote."

Akanitazama mimi. Akamtazama Mirtale, mguu wake ukipiga vumbi, joho jipya limechafuka. Kisha koo lake likapanda, likashuka. Alimeza.

Mirtale alipofumbua macho hakuuliza kwa nini nalia. Aliuliza kikapu chake kiko wapi. Kilikuwa kichwani kwa Bi Filaini, ambaye alikuwa anawafokea walio mbele watembee, jua linawaka, mtoto keshaamka.

Kleuno